Mnyoo wa Mchangani ni Yupi?

Kuwaita Gnathostomulida "minyoo ya mchangani" ni kupotosha. Msomaji wetu atadhani ni minyoo ya safura, ambayo mabuu yake hupenya ngozi ya nyayo. Wanyama hawa, waliotangazwa na Peter Ax mwaka 1956, hawamwambukizi mtu maradhi: huishi baina ya chembe za mchanga wa bahari, na wengi wao hawazidi milimita 1. Neno "mnyoo" halina kosa, maana umbo ni hilo. Kosa ni kuwabainisha kwa makazi, ambayo faila nyingine pia zinayo. Sifa yao ni taya ngumu, nalo jina la kisayansi limejengwa juu ya taya. Tunapendekeza "mnyootaya", wingi "minyootaya". Istilahi ibainishe, isitishe.