Plasta ya Kifundo cha Mguu: Kazi Yake na Mpaka Wake

Madhali viwanja vya Zuzu, magharibi ya mji wa Dodoma, hukauka wakati wa kiangazi hata ardhi ikawa ngumu kama sakafu, mchezaji atuaye vibaya baada ya kuruka huumia aghalabu kifundo cha mguu, wayo ukipindukia ndani na kano za upande wa nje zikivutika au kukatika.

Uvimbe ukiisha kushuka, plasta ya wanamichezo, ile isiyonyumbuka, ina faida kubwa, kwa sharti kwamba afungaye ajue ni mwendo upi anaouzuia. Wayo husimamishwa kwa pembe mraba na mundi, ukanda wa kwanza ukazungushwa juu ya kifundo uwe tegemeo, kisha kanda nyingine zikashuka upande wa ndani, zikapita chini ya kisigino na kupanda upande wa nje zikivutwa juu kwa nguvu. Wala si kinyume chake, maana avutaye kutoka nje kwenda ndani huusaidia mguu kupinduka vile vile ulivyoumia. Mwelekeo huo, kwa maoni yangu, ndio roho ya kazi yote, nao ndio unaopuuzwa: vijana wetu huzungusha plasta tena na tena wakidhani wingi ndio uthabiti, ilhali mizunguko hiyo hubana damu na kuuacha wayo huru. Vidole vikipauka, vikapoa au vikafa ganzi, na itolewe papo hapo.

Hata plasta iliyofungwa kwa ustadi hulegea upesi kwa jasho na mbio. Ama ile inayonyumbuka, aliyoibuni Kenzo Kase wa Japani katika miaka ya 1970, haizuii mwendo, na ushahidi wa manufaa yake ni haba.

Nao mfano wa kufungwa na kuendelea tunao: mwaka 1968, katika Olimpiki ya Mexico City, mkimbiaji wetu wa Tanzania John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alianguka katika mbio za marathoni akaumia goti na bega. Akafungwa bendeji, akaendelea, akamaliza wa mwisho kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Taifa humtukuza kwa haki, lakini bendeji ile ilisitiri jeraha tu. Goti halikuponywa nayo, na ushujaa wa mtu mzima aliyejichagulia maumivu katika Olimpiki haufai kuwa kanuni ya mechi ya watoto.

Kwa hiyo, enyi walimu wa michezo wa Zuzu, asiyeweza kukanyaga hatua nne, au aumwaye mfupa wa jicho la mguu ukibonyezwa, msimfunge plasta arudi uwanjani: mpelekeni mjini akapigwe eksirei.