Gramu Mbili za Chuma Ndani ya Gunia

Gunia la mahindi la kilo 100 hubeba gramu 2 hadi 3 hivi za madini ya chuma, na zinki karibu kiasi hichohicho. Ukiyakusanya hayajazi hata kijiko cha chai. Lakini kila chembe yake imetafutwa udongoni, ikapandishwa shinani na kuwekwa mahali pake, na mmea uliofanya kazi hiyo haukusogea hata hatua moja.

Kazi huanzia mizizini. Udongo una chuma tele, ila kingi kimeungana na oksijeni kikawa kutu, na kutu haiyeyuki majini. Mhunzi hushika chuma kwa koleo, na mmea wa mahindi nao una koleo lake: asidi za jamii ya mugineiki, zinazotolewa na mizizi. Mwaka 1976 mtafiti wa Japani, Takagi, alieleza vitu vya namna hii baada ya kuchunguza maji yaliyosuuza mizizi ya mpunga na oti. Asidi huizunguka chembe ya chuma, huing'oa, kisha vyote viwili huingizwa mzizini kupitia mlango maalumu wa seli. Mahindi yenye kasoro kwenye mlango huo huota majani ya michirizi ya njano. Shayiri huchagua hata saa: humwaga asidi yake kwa wingi asubuhi, saa chache baada ya jua kuchomoza, kisha husita mpaka kesho yake. Si bure, maana vijidudu vya udongoni huila asidi hiyo upesi.

Kikishaingia, chuma hakiachwi peke yake, kwa kuwa kikiwa huru huharibu seli. Kinapopanda na maji hushikwa na asidi ya sitriki, ileile inayoipa ndimu ukali wake. Kinaposafirishwa pamoja na sukari kutoka majanini, hukabidhiwa kwa nikotianamini, kemikali nyingine ya mmea inayoshika chuma. Chuma hubadilisha mikono njia nzima bila kuangushwa.

Majanini kinafanya kazi kwanza, kwani bila chuma jani haliwi kijani. Mbelewele zikishamwaga chavua na punje zikaanza kujaa, majani ya chini hutangulia kujivunja. Protini huvunjwavunjwa, na madini yaliyokuwa ndani yake huelekezwa kwenye suke. Mwaka 2006 watafiti walitambua kwenye ngano jeni inayoharakisha majani kuzeeka. Ngano yenye jeni hiyo ikiwa nzima huweka protini, chuma na zinki zaidi katika punje. Shamba linapogeuka njano, mpita njia hudhani mambo yamekwisha, kumbe ndipo uhamishaji umepamba moto.

Mlango wa punje uko chini, inaposhikana na gunzi. Hapo pana seli zenye kuta zilizokunjwakunjwa ili eneo la kupokelea liwe kubwa. Wanga hujazwa katikati, ila madini mengi hupelekwa kwenye kiini, yakafungwa pamoja na fosforasi ndani ya asidi ya fitiki. Ni akiba ya mche utakaoota. Akiba ikikamilika, tabaka jeusi hujitokeza kwenye kitako cha punje na njia hufungwa. Mkulima huibandua punje, huliona tabaka hilo, na kujua mahindi yamekomaa.

Halafu sisi huyapeleka mashineni kukobolewa. Ganda na sehemu kubwa ya kiini huenda na pumba, tukabaki na sembe nyeupe, yaani wanga uliokuwa katikati. Kazi ya miezi huishia kwa kuku. Dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, huibakiza akiba hiyo. Kweli, asidi ya fitiki huzuia miili yetu kufyonza chuma na zinki yote, lakini kuchachusha unga wa uji au kuotesha kimea huivunja, na bibi zetu walifanya hivyo tangu zamani. Basi chagua mahindi safi, yaliyokauka vizuri, yasiyo na ukungu, uyasage mazimamazima.