Hotuba ya mgonjwa juu ya kufa

Huko Uingereza, tangu mwaka 1972, karibu kila mwaka televisheni ya BBC humwita mtu mwenye sifa kubwa, naye hutoa hotuba mbele ya taifa zima. Hotuba hiyo ina jina la Richard Dimbleby, mtangazaji aliyekufa mwaka 1965. Wengi wamesema juu ya siasa au elimu. Lakini mwaka 2010 Terry Pratchett, mwandishi wa vitabu, alisema juu ya kufa. Yatupasa sisi Wakristu kuyapima maneno yake, bila hasira wala woga.

Kwanza tumsifu. Alikuwa na ugonjwa wa Alzheimer, unaoharibu ubongo pole pole, naye hakuuficha. Aliomba kuwe na baraza la watu wenye kujua sheria na uganga, liwasikilize wagonjwa wanaotaka kusaidiwa kufa. Alikuwa tayari kusikilizwa wa kwanza.

Hapo ndipo tunapoachana naye. Mungu amesema: Usiue. Wengine watajibu: Uhai ni wake mwenyewe. Lakini mlango ukisha kufunguliwa, haupiti mtu mmoja tu. Bibi mzee anayeona watoto wake wakimaliza fedha kwa dawa zake, je, hatajiona ana deni la kuondoka?

Wala Kanisa halisemi mgonjwa aachwe alie kwa maumivu. Mwaka 1957 Papa Pio wa 12 alifundisha kwamba ni halali kumpa dawa ya kutuliza maumivu makali, hata ikiwa yaweza kufupisha maisha, mradi hakuna nia ya kumwua. Na katika London yenyewe, mwaka 1967, mganga Cicely Saunders alifungua nyumba ya St Christopher's kwa kuwatunza wanaokaribia kufa. Njia hiyo ipo.

Kasoro ya hotuba za namna hii ni kwamba mmoja husema, wala hakuna wa kumjibu. Tukimhurumia msemaji, twadhani kwamba amesema kweli. Lakini siku ile jibu lilikuwapo. Ugonjwa ulimzuia Pratchett kusoma hotuba yake. Rafiki yake, mwigizaji Tony Robinson, akamsomea. Mmoja alipungukiwa, mwingine akamwazima sauti. Huo ndio msaada anaoustahili mgonjwa.

Pratchett alikufa nyumbani kwake mwaka 2015, kwa ugonjwa wake. Tumwombee. Nasi tuwatembelee wagonjwa wa parokia yetu, asiwepo hata mmoja anayejiona mzigo.