Kilima kisichojengwa si kilima kitupu

Wandugu, kila mara mvua ikishusha udongo mu miji yetu ya Kivu, tunasikia neno lilelile: serikali ichore ramani, itenge vilima, ikataze kujenga. Mimi naunga mkono. Lakini tusome kwanza sheria tuliyo nayo, juu ramani peke yake hailindi kitu.

Inchi yetu haikosi karatasi. Dekreti ya tarehe 20 Juni 1957 iliweka misingi ya mipango ya miji. Sheria ya 1971 juu ya mali za utamaduni inaruhusu kuorodhesha na kulinda mahali penye historia. Tena iko sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, inayosema udongo ni mali ya serikali peke yake. Hapa ndipo kasoro ya kwanza: mwenye kukataza kujenga ni yule yule mwenye kutoa parsele. Mkono mmoja unafunga mlango, mkono mwingine unaufungua.

Kasoro ya pili inaumiza zaidi. Kifungu cha 388 cha sheria hiyo kinatambua ardhi ambayo wenyeji wanakaa, wanalima ao wanatumia kwa namna yoyote kufuatana na desturi. Kifungu cha 389 kikaahidi kwamba ordonansi ya Rais itapanga haki zao. Miaka makumi ikapita, ordonansi haikutoka. Basi mpimaji anafika ku kilima, haoni nyumba, haoni shamba, anaandika: kitupu. Lakini kilima chenye makaburi ya wakubwa, ao chenye miti isiyokatwa, hakiko kitupu. Kukiacha ndiyo namna ya kukitumia.

Hata sisi watu wa agronomia tunajua ile. Msitu wa juu unanywa mvua na kuitoa polepole ku chemchemi za chini. Lima mihogo ku mteremko mkali bila mifereji wala nyasi za kushika udongo: misimu michache tu, udongo mzuri umeshashuka bondeni.

Tuangalie waliotutangulia, pwani ya Kenya. Wamijikenda wana makaya, misitu mahali babu zao walikuwa wanakaa, mingi juu ya vilima. Kuanzia 1992 serikali yao ilitangaza makaya mengi kuwa kumbukumbu za taifa, na mu 2008 UNESCO ikaandika misitu kazaa ya makaya ku orodha ya urithi wa dunia. Kizuri ni kwamba wazee wa kaya hawakufukuzwa. Walibaki walinzi, na makatazo yao ya kukata miti yakapata nguvu ya serikali. Lakini kisiwa cha Chale, kitakatifu kwa Wadigo, leo kina hoteli ya watalii. Somo ni hili: utakatifu peke yake hauzuii simenti.

Kwa hiyo ramani nzuri ingekuwa na mambo matatu. Moja, mipaka itembelewe kwa miguu pamoja na wazee, wanawake wanaochota maji na walimaji, si kuchorwa ofisini. Mbili, kilima kigawanywe: juu pasiguswe, mteremkoni miti, kahawa na majani ya mifugo, bila nyumba, chini watu wajenge kwa masharti. Tatu, saini moja isitoshe kubadilisha mpaka, iwe ya mwami ao ya gavana.

Mutaniambia: vijana watakula nini? Swali ni la kweli. Kumkataza mtu shamba bila kumpa njia ingine ni kumfundisha kulima usiku. Mkanda wa katikati ndio jibu langu, lakini miche na miaka ya kungojea kahawa ilipiwe na ule mji unaokunywa maji ya kilima.

Wandugu, wengi kati yetu ndio tunaitwa kupima na kuandika ripoti. Kabla ya kuandika neno «kitupu», tuulize: kitupu mbele ya nani?