Fundi wa Masikio

Katika chumba kimoja cha ghorofa ya pili huko Kariakoo, Dar es Salaam, ambacho madirisha yake ya kioo hufungwa mchana kutwa ili makelele ya wachuuzi na honi za bodaboda zisipenye, nilipata kumtazama fundi wa masikio akiifanya kazi yake, na tangu siku ile sijaacha kuitaja kwa kila mwenye saburi ya kunisikiliza, kwa kuwa ni kazi ya ustadi mkubwa ambayo watu wengi, hata wapangaji wa chumba cha jirani, hawana habari nayo. Aliyeketi kitini alikuwa bibi aliyekwisha kupita miaka sabini, ameletwa na mjukuu wake. Fundi, ambaye naye kichwa chake kimeshaingia mvi, hakuanza na mashine yoyote. Alimwamkia shikamoo, akangoja marahaba yake, akavuta kiti akaketi uso kwa uso naye, mwanga wa dirisha ukimpiga yeye usoni ili bibi aione midomo yake. Kisha akamwuliza kwa sauti ya kawaida, pasi na kupayuka, anaishi na nani, siku zake huzipitisha wapi, na sauti ya nani hasa angependa kuipata kuliko zote. Bibi hakutaja redio wala runinga. Alisema anataka kuwasikia wajukuu wakati wa chakula cha usiku, wanapokusanyika mkekani na kila mmoja ana lake la kueleza. "Sauti naisikia, baba," akasema, "ila maneno siyashiki."

Jawabu lile ndilo kiini cha maradhi yenyewe, na la kusikitisha ni kwamba wengi wetu tumekaa na wazee wetu miaka na miaka bila kulielewa, tukidhani kuwa uziwi wa utu uzima ni upungufu wa kelele tu na dawa yake ni kupiga ukelele. Ndani kabisa ya sikio mna seli zenye vinyweleo, zipatazo 3,500 katika safu ya ndani na 12,000 katika safu za nje, na zile zinazokufa kwa uzee au kwa makelele ya miaka mingi hazioti tena. Aghalabu hutangulia kufa zile zinazopokea sauti nyembamba. Kwa hiyo irabu hubaki na uzito wake, bali s na sh, f na th huyeyuka, na mtu akawa anajua dhahiri kwamba ameambiwa jambo asijue kama ameambiwa afike au ashike, kama kinachosemwa ni thamani au ni samani. Ukimpigia ukelele mtu wa namna hii unamzidishia kile ambacho hakukikosa, na alichokikosa hukumrudishia. Tena unamfedhehesha mbele za watu. Fauka ya hayo, sikio zima lina hekima ambayo hatuikumbuki mpaka ituondoke, nayo ni hekima ya kuchagua: katikati ya ngoma na vigelegele vya arusi unaweza kumsikia shoga yako anayekunong'oneza, wala huoni kama umefanya kazi yoyote. Mzee aliyepungukiwa na seli hizo hupungukiwa na uchaguzi huo, na vifaa vya zamani, ambavyo vilikuza kila kitu sawasawa, sufuria na sala, vilimwongezea mchafuko badala ya kumpa maneno. Ndiyo sababu vingi vilivuliwa vikatiwa mtotoni mwa kabati.

Nirejee kwa fundi, maana hapa ndipo ningependa msomaji akae nami kidogo. Baada ya kulimulika sikio na kuhakikisha kwamba halina nta, alichukua kipande cha pamba kilichofungwa uzi, akakisukuma taratibu mpaka kikapita kona ya pili ya tundu, kiwe kinga ya ngoma ya sikio, uzi wake ukining'inia nje. Akachanganya viganjani mwake aina mbili za silikoni, nyeupe na ya samawati, kwa haraka isiyo na pupa, kwani rojo lile huganda baada ya dakika chache tu. Akalijaza katika bomba la sindano pana, akaanza kulimimina ndani ya sikio bila kuiinua ncha ya bomba hata mara moja, maana ukiiinua unaacha pengo la hewa, na pengo la hewa katika kalibu ni ila isiyosameheka. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: "Sasa, bibi, tafuna polepole kama una tambuu, halafu nichekee." Bibi akatafuna, akacheka kwelikweli. Nilipouliza sababu nikaelezwa kuwa tundu la sikio hutembea pamoja na taya, na kalibu iliyochukuliwa kwa mtu aliyenyamaza humfaa mtu aliyenyamaza. Akianza kusema au kula, italegea, na kifaa kitapiga mbinja.

Alipoivuta ile kalibu, pole kwa pole, akiibembeleza itoke bila kuumiza, lilitoka umbo dogo lililopinda, lenye mabonde na vilima vyake, ambalo hakuna mfano wake kwa binadamu mwingine. Na la sikio la kushoto lilipotoka halikuwa sawa na la kulia, ingawa mwenye nayo ni mmoja. Akaligeuza mbele ya dirisha kwa muda mrefu. La kushoto alilikuta na kunjo dogo, ambalo mimi, hata nilipoonyeshwa kwa ncha ya kalamu, nililiona kwa taabu. Akalitupa, akaanza tena tangu pamba, na wala hakunung'unika.

Ufundi huu una ukoo mrefu. Tangu mwaka 1800 nyumba ya F. C. Rein huko London ilikuwa ikiuza baragumu za kusikilizia, na kwa mfalme João wa Sita wa Ureno ilitengeneza, mwaka 1819, kiti cha enzi ambacho mikono yake ilichongwa mfano wa simba waliofunua vinywa: mwenye haja na mfalme alipiga magoti, akasema kinywani mwa simba, na sauti ikapita ndani ya kiti mpaka kwenye mpira uliofika sikioni pa mfalme. Huko huko Ulaya fundi Maelzel alimfulia mtunzi wa muziki Beethoven baragumu zake, ambazo zimehifadhiwa Bonn hata leo. Mwanzoni mwa karne ya ishirini ikaja mashine ya umeme ya Mmarekani Miller Reese Hutchison, ambayo Malkia Alexandra wa Uingereza aliitumia. Na Mdenmark mmoja, Hans Demant, ambaye mkewe Camilla alikuwa mzito wa masikio, akaitafuta kwa ajili ya mkewe, na mwaka 1904 akaanzisha biashara ya vifaa hivyo, nyumba ambayo leo inajulikana kwa jina la Oticon. Nayataja haya kwa sababu kazi hizo zote zilianza na mtu mmoja aliyejulikana, mfalme yule, mke huyu, na fundi akauliza kwanza anayesikia ni nani. Transista na kompyuta zilizofuata zilikipunguza kifaa mpaka kikajificha nyuma ya sikio, lakini suala la kuchagua sauti moja katikati ya nyingi, ambalo Mwingereza Colin Cherry alilieleza kitaalamu mwaka 1953, lilibaki bila jawabu kwa zaidi ya nusu karne.

Jawabu, au sehemu kubwa ya jawabu, limeletwa na akili mnemba, na sioni haya kulisifu. Profesa DeLiang Wang wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, ameeleza hadharani jinsi mama yake alivyopungukiwa na usikivu, hata ikawa familia ikikutana kwa chakula huwasihi wanawe wasemeshane kwa zamu. Nami nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka bibi wa Kariakoo na mkeka wake. Profesa huyo na mwenzake Eric Healy waliufundisha mtandao wa neva bandia kwa kuupa maneno yaliyochanganywa na makelele, huku jawabu sahihi likijulikana, ukisahihishwa kila ulipokosea, mithili ya mtoto wa chuoni asomaye mbele ya mwalimu asiyechoka, mpaka ukajua, katika kila kijisehemu cha sauti, kipi ni cha msemaji na kipi ni cha zogo. Katika majaribio waliyoyatangaza mwaka 2013, watu wenye uzito wa masikio ambao katika makelele ya watu wengi walikuwa wakishika asilimia 29 ya maneno, walishika asilimia 84 baada ya sauti kuchujwa; na katika zogo lile lile waliwapita vijana wenye masikio mazima ambao hawakusaidiwa. Tangu hapo maarifa haya yameshuka kutoka maabara mpaka sikioni. Nyumba ile ile ya Hans Demant ilitoa mwaka 2021 kifaa ambacho mtandao wake ulifunzwa kwa mandhari za sauti milioni 12, na mwaka 2024 Phonak ya Uswisi ikatoa kingine chenye kijipande cha pili cha kompyuta, kilichotengwa kwa kazi moja tu ya kuyatenga maneno na makelele. Na kazi yote hiyo yapasa kutimia katika sehemu chache za elfu za nukta moja, kwani ikichelewa zaidi mvaaji hujisikia mwenyewe kama mwangwi, na yapasa kutendeka kwa nguvu ya betri ndogo kupita kifungo cha shati.

Bibi alivalishwa kifaa cha namna hiyo, alicholipiwa na mwanawe aliyeko Muscat, maana bei yake si ya mtu wa kawaida. Fundi alipitisha kwanza kijibomba chembamba sikioni ili apime sauti inayofika hasa karibu na ngoma, kwa kuwa kifaa hakijui chenyewe tundu hili ni pana au jembamba. Akarekebisha, akapima tena, akarekebisha tena. Kisha akafanya jambo la ujasiri: alifungua dirisha, Kariakoo yote ikaingia chumbani, akamwambia mjukuu asimame nyuma kidogo aseme lolote. Kijana akauliza, kwa sauti ya chini, kama bibi angependa wapite sokoni kununua samaki. "Changu," bibi akajibu, "na wawe wabichi."

Lakini fundi, akiwaaga, alimwambia yule kijana neno ambalo wanunuzi wa vifaa hivi aghalabu hawaambiwi: kwamba mashine inatenga vizuri maneno na makelele, ama wajukuu wanne wakisema kwa pamoja, yote hayo ni maneno, nayo haijui bibi anamtaka nani. Semeni naye kwa zamu, akasema, na mumtazame usoni. Hii ndiyo adabu tuliyolelewa nayo barazani, ambapo mzee alipofunua kinywa watoto walinyamaza na aliyetumwa kumwambia jambo alisogea akainama. Na sasa tunaiacha, tukila huku macho yameelekea simuni, tukitumaini kwamba kitu kilichonunuliwa ughaibuni kitatufanyia heshima ambayo hatutaki kuifanya sisi.

Kadhalika tunamwacha fundi mwenyewe. Siku hizi kifaa huagizwa kwa simu, kikaja katika boksi, kikavalishwa kwa kizibo cha mpira cha saizi ya jumla, na wenye kukileta wakadhani kazi imekwisha. Hakuna aliyechukua kalibu, hakuna aliyepima, hakuna aliyemwambia mwenye nacho kwamba unyevu wa pwani ni adui yake na kila usiku kilazwe katika kichupa chenye vidonge vya kukaushia. Baada ya miezi michache utakikuta mtotoni mwa kabati, kando ya kile cha zamani. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia wa kiasi fulani, na milioni 430 wanahitaji huduma kwa sababu ya upungufu mkubwa. Kwamba kati ya wale ambao kifaa kingewafaa, asilimia 17 tu ndio wanaokitumia. Na kwamba nchi maskini zipatazo asilimia 93 hazina hata mtaalamu mmoja wa usikivu kwa kila watu milioni. Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo inayonikosesha raha, maana akili mnemba inaweza kunakiliwa katika vifaa milioni kwa siku moja, walakini mkono unaojua kumimina silikoni bila kuacha pengo la hewa haunakiliki. Hufundishwa na mkono mwingine, kwa miaka, chumbani mle mle, na yule fundi wa Kariakoo, nilipomwuliza anamfundisha nani, alinijibu kuwa bado hajapata mwanafunzi.

Sisi si watu wasioweza. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza mwaka 2017 kuwapandikizia watoto viziwi vifaa ndani ya sikio, kazi ambayo zamani ilikuwa lazima waisafirie ng'ambo. Basi nawaomba walio katika vyuo vyetu vya afya wawatafute mafundi hawa wangali hai, wawape vijana wa kuwafundisha na mshahara wa kuwatosha. Nawaomba wahandisi wetu wa kompyuta warekodi zogo la masoko ya Kariakoo, Kongowea na Darajani, na Kiswahili kinachosemwa ndani yake, ili mitandao hiyo ifunzwe pia kwa sauti tunazoishi nazo. Nawe msomaji, ikiwa nyumbani kwako yuko mzee ambaye siku hizi hutikisa kichwa tu mnapozungumza, mpeleke akapimwe mwezi huu, na ukishamvalisha kifaa chake, mrudishe kwa fundi kila kinapolegea.