Mpiga Debe wa Vitabu

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafanyabiashara nao husema biashara matangazo. Mwandishi aliyechapa kitabu kwa fedha zake mwenyewe husimama katikati ya misemo hii miwili, na kila mmoja humvuta upande wake. Akiufuata wa kwanza, vitabu huliwa na mchwa chini ya kitanda. Akiufuata wa pili bila kuuliza, fedha humtoka na vitabu hubaki pale pale.

Nayasema haya kwa sababu ya mwalimu mwenzangu mmoja, mstaafu wa Korogwe. Alichapa nakala 500 za riwaya yake kwa sehemu ya kiinua mgongo chake, kisha akanijia hapa Handeni na ujumbe katika simu. Tovuti moja ya kutangaza vitabu ilimtaka alipe shilingi 150,000. Nayo ingeweka picha ya jalada kwa mwezi mmoja, pamoja na maneno ya sifa. "Mwalimu," akaniuliza, "nilipe au nisilipe?" Swali hilo si la kuchekwa. Kwa mstaafu, fedha hizo ni mbolea ya shamba, au ada ya mjukuu.

Tukachukua kalamu. Kila nakala ilimgharimu shilingi 4,500 kuchapa. Anauza 10,000, na mwenye duka anachukua 2,000. Kinachobaki ni 3,500. Ili arudishe 150,000 tu, kabla ya kupata faida hata ya senti moja, yapasa tangazo limletee wanunuzi 43 ambao wasingekuja bila tangazo hilo. Je, tovuti iliahidi wanunuzi 43? La hasha. Iliahidi "kuonekana". Watu kutazama picha ni jambo moja. Mtu kutoa pesa mfukoni ni jambo jingine kabisa.

Ndugu msomaji, utazame mfano ulio karibu nasi. Pale stendi mpiga debe hupaza sauti mpaka ikakauka, lakini ujira wake hutokana na abiria waliopanda. Basi likiondoka tupu, naye hana chake. Tovuti ya aina hii ni mpiga debe anayelipwa kabla hajafungua kinywa. Akiisha kulipwa, ana haja gani ya kujua kama basi limejaa?

Hata hivyo haki itendeke. Ziko huduma za namna hii zinazofaa, mahali zinapofaa. Huko Marekani, BookBub iliyoanza mwaka 2012 huwapelekea wasomaji barua pepe zenye vitabu vya kielektroniki vilivyopunguzwa bei. Waandishi hulipa ili waingizwe, na huduma yenyewe huchagua na kukataa. Hufanya kazi kwa sababu tatu. Wasomaji wenyewe wamejiandikisha na kutaja aina ya vitabu wanavyovipenda. Anayevutiwa hununua papo hapo kwa kadi ya benki. Tena mwandishi mwenye vitabu vitano hupoteza kwa cha kwanza akapata kwa vinne vinavyofuata. Mwenzangu ana kitabu kimoja, cha karatasi, cha Kiswahili. Msomaji wake hulipa kwa simu, na kitabu humfikia kama kifurushi ndani ya basi. Kuiga dawa ya mgonjwa mwingine si kupona.

Ama yale maneno ya sifa, hayo ndiyo yaliyonikera zaidi. Yalikuwa yamekwisha andikwa, na aliyeyaandika hakuwa ameomba hata nakala moja ya kusoma. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ilipitisha kanuni ya kupiga marufuku mapitio ya uongo, ikiwemo kuyanunua na kuyauza. Sisi hatuhitaji kungoja kanuni ya wenzetu. Uhakiki ni ushahidi, na shahidi aliyelipwa ili aseme jambo fulani hana uzito barazani.

Kwani vitabu vyetu vilisambaaje? Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971, kilipigwa marufuku shuleni; wanafunzi wakakisoma kwa kujificha na kusimuliana. Eric Shigongo alizitoa hadithi zake kidogo kidogo katika magazeti ya kampuni yake, kisha akaziuza kama vitabu. Msomaji alikuwa amekwisha onja mchuzi kabla ya kununua sahani nzima. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, ulinunua sehemu kubwa ya nakala za vitabu ulivyovikubali na kuzigawa shuleni. Njia hizi hazifanani, lakini katika zote maandishi yenyewe yalifika mbele ya macho ya msomaji. Hapa ndipo ule msemo wa wahenga unapohitaji nyongeza. Chungwa pale Segera hujiuza kwa sababu abiria huliona, hulishika na kulinusa. Kitabu kilichofungwa hakina harufu. Lazima kwanza mtu akifungue.

Basi nikamshauri mwenzangu hivi. Nakala 30 azitoe bure: kwa walimu wa Kiswahili wa Korogwe na Handeni, kwa maktaba za shule, na kwa wanachuo wa Chuo cha Ualimu Korogwe. Nakala hizo zimemgharimu shilingi 135,000, pungufu ya bei ya lile tangazo, na kila moja huenda ikapita mikononi mwa watu kadhaa. Sura ya kwanza aitume bure katika simu za watu, na mwisho wake aweke namba ya kulipia. Kijana atakayetembeza vitabu sokoni Chanika alipwe kwa kila nakala aliyouza. Na tovuti yoyote ikimjia tena, aiulize swali moja: je, mtakubali kulipwa baada ya kuuza?

Aliwauliza hilo siku ile ile. Hawakujibu. Naye akanitaka nikubaliane naye kwamba huenda asiuze hata hivyo, na nikakubali. Kitabu kinaweza kusomwa na wengi kikanunuliwa na wachache. Lakini mwandishi aliyesomwa na watu 100 bila faida ana kitu mkononi: anajua walipocheka, na walipochoka. Aliyelipia kuonekana hupewa hesabu ya macho tu, na macho hayo hayamwambii lolote atakapokaa kuandika kitabu cha pili.