Lipu ya Saruji Kwenye Ukuta wa Mawe

Ugonjwa wenyewe ni wa kawaida kabisa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Chumba cha chini, ukuta unaopakana na uchochoro. Rangi imevimba na kubanduka kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, na juu yake kuna utepe mweupe wa chumvi unaopukutika ukiupitishia kidole. Wenye nyumba ni ndugu wa tumbo moja waliorithi kwa mama yao. Walishapiga lipu ya saruji si mara moja, na kila ikipita misimu michache ya masika lipu ikadondoka vipande vipande. Safari hii fedha za mkandarasi hazikuwapo. Wakashika tindo wenyewe, na mwashi mmoja mzee wa mtaani akawa anapita kuwaelekeza. Nimeifuatilia kazi yao kwa karibu, na mengi waliyoyafanya yanafaa kuigwa. Moja halifai.

Kwanza ukuta tuujue. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za karne ya 19. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, unene wa nusu mita na kuendelea. Dari zimebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haivuki mita 3 hivi, vyumba vikawa vyembamba na virefu. Chini hakuna kizuizi chochote cha maji. Ukuta hunyonya unyevu wa ardhini, kisha huutoa taratibu kupitia usoni mwake, hewa ikaubeba. Ukuta ukiweza kutoa kadiri unavyopokea, nyumba husimama miaka mia na zaidi bila tatizo.

Lipu ya chokaa ina vitundu vingi visivyoonekana kwa macho, na unyevu hupita humo. Saruji imeshikana mno. Unyevu ukigonga mgongo wa lipu ya saruji haupati pa kutokea, basi hupanda juu hadi utakapopata upenyo. Chumvi iliyoyeyuka husafiri nao, na maji yakikauka inabaki nyuma, inaganda kuwa fuwele, fuwele zinapanuka na kuivunja lipu pamoja na uso wa jiwe. Ndiyo maana kila lipu mpya ilipopigwa juu kidogo kuliko ile ya zamani, utepe wa chumvi nao ulihamia juu zaidi.

Lipu mbovu ni aibu tu mbele ya wageni. Hasara ya kweli imo ndani, kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani. Ghorofani, paa likivuja nyuma ya lipu ya saruji, maji hukaa humohumo, udongo wa kufungia mawe unalainika, boriti inaoza kichwani wakati katikati bado inaonekana nzima. Unaitazama dari unaiona salama, kumbe imening'inia.

Siku ya kwanza ndugu walikuja na tindo na nyundo, tayari kubomoa. Mzee akawazuia.

"Wanangu, ugonjwa haujaanzia hapa. Pandeni juu kwanza."

Juu walikuta vitu vitatu. Mfereji wa bati umeachia kwenye kiungo. Bomba la kushusha maji ya mvua linaishia shinani mwa ukuta uleule mgonjwa. Bomba jembamba la kiyoyozi cha mpangaji wa ghorofani linadondoshea maji ukutani mchana kutwa. Hilo la tatu ndilo linalosahaulika kuliko yote, kwa sababu ni maji machache na hayana kelele. Aidha, tangi la maji lilikuwa limekalishwa juu ya ukuta mmoja. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, na hakuna mwashi wa karne ya 19 aliyelipigia hesabu. Waliziba kiungo, wakarefusha bomba la mvua hadi kwenye mtaro, wakalielekeza lile la kiyoyozi mbali na ukuta, tangi wakalihamishia kwenye makutano ya kuta mbili nene. Ingekuwa ni mimi wa kutoa maksi, kazi hii ya juu ningeipa nusu ya maksi zote.

Kubandua saruji kulianza masika yalipokwisha. Hapa uvumilivu unahitajika kuliko nguvu. Saruji iking'ang'ania jiwe la matumbawe huwa ina nguvu kuliko jiwe lenyewe, kwa hiyo ukiivuta kwa pupa inaondoka na uso wa jiwe. Mashine ya umeme ya kuvunjia zege haifai hata kuingizwa chumbani. Walitumia tindo bapa na nyundo ndogo, wakigonga kwanza kusikiliza. Palipolia kama debe tupu, lipu ilikuwa imeshaachia, wakaanzia hapo na kwenda pembeni polepole. Walipanda hadi shibiri moja na nusu hivi juu ya utepe wa chumvi, wasiishie pale ubovu unapoonekana. Chumvi waliisugua kwa brashi kavu, wakaizoa na kuitoa nje ya nyumba. Kuiosha kwa maji ni kuiyeyusha na kuirudisha ukutani.

Kisha wakauacha ukuta uchi kipupwe chote, madirisha wazi, upepo wa kusi ukifanya kazi bila malipo. Majirani walisema kazi imewashinda.

Chokaa nayo ina habari yake. Mawe ya matumbawe huchomwa kwenye tanuu la magogo hadi kufikia nyuzi 900 hivi za Selsiasi. Kila kilo 100 za jiwe safi la chokaa hutoa kilo 56 tu za chokaa hai. Zile 44 huondoka hewani kama kaboni dioksidi. Baadaye, lipu ikiwa ukutani, chokaa huivuta hewa hiyohiyo na kugeuka jiwe tena. Huko ndiko kukauka kwake, na si kupoteza maji tu. Mafundi hukadiria kina cha milimita moja kwa mwezi, kwa hiyo mwenye haraka atafute kazi nyingine.

Ndugu waliizima chokaa kwenye pipa la chuma uani. Maji hutangulia, chokaa hufuata kidogokidogo; ukimwaga maji juu ya rundo la chokaa hai linaweza kukurukia usoni. Inachemka kweli, na ndoo ya plastiki haistahimili. Miwani ya kazi, glavu na mikono mirefu ni lazima, kwani chokaa ikiingia jichoni inaweza kulipofua. Watoto walipelekwa kwa shangazi yao. Uji mzito uliobaki ulifunikwa kwa maji ukaachwa wiki kadhaa. Kadiri unavyolala ndivyo unavyokuwa laini mwikoni.

Ubishi ulizuka siku ya kuchanganya. Mdogo mtu alitaka kutia saruji kidogo, "ishike haraka." Ni desturi iliyoenea mjini, na wapo mafundi wazuri wanaoifanya. Mzee akakataa, akaagiza tofali la kuchoma lipondwe na kuchekechwa hadi liwe unga. Alikuwa sahihi. Unga wa tofali la kuchoma huungana na chokaa na kuisaidia kushika hata penye unyevu, bila kuziba vitundu. Saruji kidogo haiipi lipu nguvu ya saruji, na inaipunguzia chokaa ulaini wake.

Kipimo kilikuwa sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga wa shimo wenye chembe kali, uliooshwa. Mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi ndiyo tunayoikimbia. Ukuta ulinyunyiziwa maji kwanza, mashimo makubwa yakatomewa kwa vijiwe na chokaa, kisha lipu ikapigwa kwa tabaka za sentimita moja moja, kila moja ikisubiri iliyotangulia ishike. Magunia yaliyoloweshwa yalitundikwa mbele ya ukuta ili usikauke kwa pupa na kupasuka. Mwisho ni chokaa ya kupaka, nyepesi kama maziwa, mikono kadhaa. Rangi ya plastiki ingeharibu yote.

Nina ukosoaji mmoja. Sakafu ya chumba ina vigae vilivyolazwa juu ya zege, na vinasukuma unyevu wa chini kwenye kuta. Ndugu waliviacha vyote. Walau wangeng'oa safu moja kando ya ukuta na kujaza kokoto, ardhi ipate pa kutolea unyevu wake.

Masika yaliyofuata chumvi ilirudi, ila kwa utepe mwembamba, karibu na sakafu. Waliifagia. Lipu ya chokaa kwenye ukuta wa namna hii imewekwa iliwe badala ya jiwe, na kuiziba kiraka ni kazi ya asubuhi moja.

Mipaka ya kazi ya mikono ya nyumbani nayo ijulikane. Boriti iliyooza, ukuta uliofanya tumbo, ufa unaoingiza kidole: hapo mwite mhandisi, na uhamishe watu. Sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili walifariki. Na kabla ya kugusa uso wa nje, milango au madirisha, pita kwenye Mamlaka ya uhifadhi ya Mji Mkongwe, iliyopo tangu 1985. Mji wenyewe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000.

Kwa wenye maduka ya vifaa vya ujenzi nina ombi. Saruji inapatikana kila kona, lakini chokaa iliyozimwa na kulazwa vizuri mtu huitafuta kwa kuuliza mtaa kwa mtaa. Iwekeni dukani, kwenye ndoo zilizofunikwa. Ikikaa chini ya maji haiharibiki, na wanunuzi wapo.